Kumbukumbu na hifadhi ni vitu viwili

SWALI: Kompyuta yangu ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4, lakini Windows yake ya biti 32 inaonyesha kuwa zinazotumika ni GB 3.25 tu. Fundi kaniambia, "Memori imefika ukomo, futa picha." Je, niseme ukomo wa kumbukumbu au kikomo?

JIBU: Yote mawili yametoka kwenye kitenzi koma, na yote ni sahihi. Mimi hutumia kikomo, hasa pale kiwango kilipowekwa na mtu. Windows 7 Home Premium ya biti 64, kwa mfano, iliwekewa kikomo cha RAM cha GB 16, na toleo la Professional GB 192, ingawa kompyuta ni ileile.

Kinachonikera ni hiyo memori ya fundi. Siku hizi RAM ni memori, diski ni memori, kadi ya simu ni memori, na simu ikikataa kupiga picha tunaambiwa memori imejaa. Iliyojaa ni hifadhi! Kumbukumbu ni pale programu iliyofunguliwa inapofanyia kazi, na umeme ukikatika vyote vilivyomo hupotea. Hifadhi, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni pale picha zinapolala hata mashine ikiwa imezimwa.

Tazama hasara ya kuyachanganya. Windows yako, kwa kuwa ni ya biti 32, ina anwani 4,294,967,296 za kuitia kumbukumbu, kila anwani baiti moja, na jumla yake ndiyo GB 4. Sehemu ya anwani hizo hutengewa vifaa kama kadi ya michoro, kwa hiyo kuna RAM inayobaki bila anwani na mfumo hauwezi kuifikia. Futa picha zote za harusi: 3.25. Nunua diski ya TB 1: 3.25. Chomeka RAM nyingine ya GB 4: bado 3.25! Dawa ni kuweka mfumo wa biti 64, ikiwa prosesa, yaani chipu inayoendesha kompyuta, inaukubali. Neno moja lililotumiwa ovyo lingekupotezea picha na fedha, na tatizo lingebaki palepale.

Memori kadi naivumilia. Ndilo jina lake dukani, na muuzaji anajua unachotaka. Lakini fundi anayelipwa kutafuta tatizo, halafu akaita kumbukumbu na hifadhi kwa jina moja, huyo simvumilii.