Usizime Kamera: Mazoezi ya Simu kwa Sisi Wenye Moyo Mgonjwa

Nianze na kosa langu. Asubuhi moja tukiwa katikati ya mazoezi ya kikundi kwa simu ya video, pumzi ilinikata, nikazima kamera na kusingizia netiweki. Netiweki ilikuwa nzuri tu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeketi kitandani hapa Nyalenda, Kisumu, nahema kama niliyepanda kilima cha Riat kwa mguu, huku wenzangu wakihesabu "saba, nane" ndani ya simu.

Moyo wangu ulichoshwa na presha niliyokaa nayo miaka bila kuitibu. Misuli yake ikisukuma damu kwa nguvu kupita kiasi muda mrefu, hunenepa, na mwishowe hulegea. Picha ya moyo ilipoonyesha hivyo, watu wa nyumbani walinihurumia hadi wakaninyang'anya ndoo na ufagio. Nikakaa. Kukaa huko kulinimaliza vibaya. Hata kwenda chooni nilikuwa naegemea ukuta. Daktari ndiye aliyesema kwamba moyo kama wangu, ukishatulizwa na dawa, unahitaji mazoezi ya kiasi. Tuelewane hapo, dada yangu: ruhusa ya daktari kwanza. Kama kifua kinauma hata ukiwa umeketi, unazimia, una homa, au una vali ya moyo iliyobana ambayo haijachunguzwa, subiri.

Kikundi chetu kilianzia kwenye foleni ya kliniki. Tuko sita: Kisumu, Busia, Kakamega, na mmoja aliyehamia Nakuru. Nauli ya kukutana ingetushinda, kwa hivyo tunapigiana simu ya video mara tatu kwa wiki, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mabati hayajashika joto. Anatuongoza fisio mmoja, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, mvumilivu sana.

Watu hudhani kikundi ni cha kukusukuma. Chetu ni breki. Wengi wetu tunameza dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo ukishika mkono na kuhesabu mapigo, hesabu inaweza kukudanganya. Fisio anatumia mdomo. Ghafla anauliza, "Mama, jana ulipika nini?" Unajibu miguu ikiendelea. Ukimaliza sentensi bila kukatika, uko sawa. Ukiweza kuimba, unajivuta. Maneno yakikwama katikati, punguza au keti.

Mazoezi yenyewe ni ya kawaida: kupiga hatua papo hapo, kuketi na kuinuka kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani, kuinua chupa za maji za nusu lita. Tunahesabu kwa sauti ili mtu asibane pumzi, maana kubana pumzi hupandisha presha. Dakika kumi za mwanzo na za mwisho ni za polepole. Ukiacha mazoezi ghafla, damu hubaki miguuni na kizunguzungu kinakuangusha. Shirika la Afya Duniani linataja dakika 150 kwa wiki kwa watu wazima. Mimi nilianza na kumi kwa siku, na sikuona haya.

Haya niliiona siku ile ya kamera. Nilikuwa nimetoka matangani Siaya. Sikumeza dawa ya maji, ile ya kukojoza maji yaliyozidi mwilini, nikiwa safarini, kwa sababu matatu haikusubiri mtu akakojoe, na huko nikala mchuzi wenye chumvi nyingi siku tatu. Viatu vilinibana, nikasema ni uchovu. Nilipopanda mizani nilikuwa nimeongezeka kilo mbili na zaidi, maji matupu. Kliniki walinitibu, na sasa najua kuuliza mapema jinsi ya kupanga dawa nikiwa na safari. Mizani ni kila asubuhi, kabla ya chai.

Wenzangu walinikemea kwa matusi ya upendo, kisha tukaweka sheria. Ukizima kamera, fisio anakupigia papo hapo. Usiposhika, anampigia jirani yako, ambaye namba yake anayo. Bando ikiisha, unaacha kufanya mazoezi. Simu inawekwa mbali, imeegemezwa sufuria, uso na miguu vionekane. Na lazima awepo mtu nyumbani, kwa sababu aliye Busia hawezi kunidaka nikianguka Kisumu.

Jambo moja lisisubiri simu ya mtu: kifua kubana, maumivu ya taya au mkono, jasho baridi, kichefuchefu, pumzi kukosekana. Sisi wanawake ni wepesi kuita hayo alsa na kunywa maziwa. Acha kila kitu, nenda hospitali.

Jumatatu hii niliulizwa tena nilipika nini. "Ugali, mrenda, na..." Nikavuta kiti. Mwenzetu wa Kakamega akadakia kwamba kwa jinsi anavyonijua, ni omena. Alikosea, lakini nilimjibu baada ya dakika mbili, nimeketi, kamera ikiwaka.