Vikonyo vya embe kukauka baada ya kubebesha

Ndugu, umesema umebebesha miche 20 ya embe (yaani kuunganisha ncha ya tawi la mwembe mwingine juu ya mche) na imeshika 3 tu, mingine vikonyo, yaani hizo ncha, vimekauka wiki ya pili. Nahisi shida ni kikonyo, si mkono wako. Usikate tawi na kulibebesha siku hiyohiyo. Chagua ncha iliyokomaa, unene wa penseli kama mche wako, ondoa majani ukiacha vijiti vyake vinavyoshika tawi, kisha iache mtini siku 7 hadi 10. Macho (sehemu za kuchipua) yakianza kuvimba ndipo ukate.

Kata kwa wembe mpya, mkato mmoja mrefu bila kukwaruza. Ukishakichomeka kikonyo kwenye mche, angalia ule utando wa kijani chini ya ganda: lazima ukutane na wa mche angalau upande mmoja. Kikonyo kikiwa chembamba, kisukumie pembeni, usikiweke katikati. Funga nailoni kwa nguvu, halafu kivike kimfuko cha plastiki, kile cha kugandishia barafu za kuuza (hiki wengi hukiruka, kumbe ndicho kinachozuia kikonyo kukauka). Weka kivulini. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo yang'oe yote, yanakula chakula cha kikonyo. Kimfuko utoe majani yakishachanua, jioni, si jua la saa sita.