Koti la manjano halisubiri sherehe

Juzi usiku, nikiwa nakaribia kuzima simu, uliingia ujumbe wa msomaji mmoja. Nauweka hapa kwa ruhusa yake: "Dada, majira ya kuchipua ya mwaka jana nilinunua koti la manjano. Hadi leo bado lina kikaratasi cha bei. Kila asubuhi nalivaa, najitazama kwenye kioo, nalivua, natoka na lile la kijivu. Nifanye nini?"

Nilicheka. Halafu nikanyamaza, kwa sababu na mimi nilikuwa na suti ya kijani.

Wanaonijua siku hizi hawaamini. Wiki iliyopita mama mmoja nisiyemfahamu alivuka barabara kunifuata, aniulize koti langu la rangi ya chungwa nimelinunua wapi. (Nimelishona mwenyewe. Naomba hilo lijulikane.) Lakini nyuma ya koti hilo kuna miaka sita ya nyeusi, kijivu na bluu iliyoiva mpaka nayo ikawa kama nyeusi.

Ilianza hivi. Nilikuwa mgeni kazini, baridi imeanza kuachia, miti inatoa majani, na mshahara wangu wa kwanza ulikuwa umekwenda kwenye suti. Kijani kibichi cha jani la jana. Asubuhi ile nilitembea kama niliyeota mbawa. Nilipoingia, mkuu wetu aliinua macho na kusema mbele ya watu wote: "Leo kuna sherehe wapi?" Watu wakacheka. Akacheka na rafiki yangu niliyekuwa nakaa naye meza moja. Na mimi nikacheka, na hicho ndicho kinachonichoma hadi leo, kwamba nilicheka nao.

Jioni suti iliingia nyuma kabisa ya kabati. Nina hakika yule mkuu alishasahau kabla ya chakula cha mchana. Mimi nililibeba neno lake miaka sita.

Miaka hiyo sita siielezi, haina la kuelezwa. Nguo nyeusi.

Kilichonirudisha hakikuwa ujasiri. Nilikuwa nahama nyumba, suti ikaanguka kutoka kabatini, nikajaribu kuivaa. Haikupanda hata magotini. Nililia kidogo, nikachukua mkasi, nikakata sketi ile na kuitengeneza skafu. Kesho yake nikaizungusha shingoni juu ya koti jeusi na kutoka, moyo unadunda kama mwizi. Unajua watu walisema nini? Hawakusema kitu. Hakuna aliyegeuka. Nikiri kwamba nilivunjika moyo kidogo. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu nilisahau kabisa kama nimeivaa, mpaka nilipojiona kwenye kioo cha lifti na kujiuliza yule mtu mwenye kijani ni nani.

Basi ushauri wangu karibu wote umo humo. Anza na kitu kimoja, na kivae siku tatu mfululizo. Ziwe siku za kawaida, za kwenda kazini, za kununua sabuni. Usikiwekee siku maalumu, maana ukikitunza kwa ajili ya sherehe, siku hiyo utakuwa na woga wa sherehe na woga wa rangi kwa pamoja. Macho yanayotakiwa kuzoea ni yako. Ya wengine yana shughuli zake.

Na majira ya kuchipua yanakusaidia kuliko majira mengine. Asubuhi baridi, mchana joto, jioni baridi tena: ni msimu wa kuvaa na kuvua. Rangi ikikuzidi saa nne, vua sweta, likunje, liingize kwenye mkoba. Gauni jekundu huwezi kulivua ofisini. Ndiyo maana nasema anza na nguo ya juu, ile yenye mlango wa kutokea.

Sasa, kosa langu la pili. Baada ya skafu kunipa kiburi, nililewa. Jumatatu moja nilivaa suruali ya zambarau, sweta jekundu, skafu ya manjano na viatu vya buluu, nikawa kama bendera za nchi nne zimegongana. Kila nguo ilikuwa nzuri ikiwa peke yake. Baadaye nikasoma habari za mkemia Mfaransa, Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi nyuzi katika karakana ya mazulia ya Gobelins jijini Paris. Wafumaji walilalamika kwamba nyuzi zake nyeusi zimefifia. Akazichunguza, rangi haina kasoro. Kasoro ilikuwa kwa jirani: uzi mweusi ukilazwa kando ya buluu au zambarau, jicho linauona umechoka. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kizima kuhusu rangi zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja. Laiti ningekijua kabla ya Jumatatu ile. Nyekundu kando ya kijani, zote zinapiga kelele zaidi. Nyekundu hiyohiyo kando ya kijivu inasimama peke yake na inatosha. Kwa hiyo, dada uliyeniandikia, lile koti la kijivu usilitupe. Kijivu ndicho kitakachokubebea manjano: suruali ya kijivu chini, koti la manjano juu, basi.

Jambo jingine nililojifunza kwa aibu: pima rangi kando ya dirisha, mchana. Taa za dukani hudanganya. Nilishawahi kununua blauzi niliyoamini ni ya waridi, nikafika nje ni rangi ya ufizi. Tena nyekundu huzima jioni. Giza likiingia jicho letu hupoteza wekundu mapema, na buluu na kijani hubaki zikionekana vizuri zaidi. Nimepiga picha ya jioni na gauni jekundu lililonigharimu nusu ya akiba yangu, limetoka jeusi. Miaka sita nimekimbia nyeusi, nikarudishwa kwayo na jua kuchwa! Na rangi iliyo karibu na shingo hutupa mwanga wake usoni. Kama manjano inakufanya uonekane mgonjwa, si lazima uiache. Ishushe kiunoni. Weka shati jeupe kati yake na kidevu.

Kufua: geuza ndani nje, maji baridi, kausha kivulini. Nyekundu mpya ifue peke yake mara za mwanzo kwa sababu itachuja. Nina shuka sita za waridi ambazo sikuzinunua hivyo.

Nikirudi kwenye lile neno la sherehe. Mwaka 2016 Malkia Elizabeth wa Pili alipoadhimisha miaka 90, alitokea mbele ya umati akiwa kwenye kijani kinachowaka kuliko suti yangu mara tatu. Nilitazama picha ile muda mrefu. Kweli, siku hiyo kulikuwa na sherehe, nisiseme uongo. Lakini mama yule alivaa rangi kali miaka nenda miaka rudi, hata kwa ziara ya kawaida, ili mtu aliyesimama nyuma kabisa amwone. Alitaka kuonekana, akavaa ya kuonekana. Sisi wengine tunataka kuonekana, halafu tunavaa ya kujificha, halafu tunanung'unika kwamba hatuonekani.

Najua mtasema yeye alikuwa malkia. Sawa. Lakini mngejua zamani zambarau safi ilivyokuwa ya wenye nazo tu! Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Perkin, alikuwa anahangaika kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akaambulia uchafu mweusi chupani. Alipousafisha kwa spiriti ikatoka zambarau, na kutoka hapo rangi za viwandani zikaanza kushuka bei hadi kwetu sote. Kitu ambacho watu wa kawaida hawakuweza kukigusa kinaning'inia kabatini kwako na kikaratasi chake, nawe unaogopa jirani wa meza atasema nini. Aseme! Atasema mara moja, halafu atakwenda kula. Wewe ndiye utakayebaki na neno lake ukilirudia kila asubuhi mbele ya kioo, na ninakuambia kama mtu aliyelirudia miaka sita, halichoki lenyewe, litakumaliza.

Nimepandisha sauti. Samahani.

Nilimjibu yule dada usiku uleule: kata kikaratasi sasa hivi, kabla ya kulala, kisha litundike koti mlangoni, lisirudi kabatini. Asubuhi akanitumia picha. Koti liko kwenye msumari, kikaratasi hakipo. Ila hajalivaa, anasema mvua inanyesha.

Nimemwandikia kwamba mabaharia wa zamani walipaka makoti yao mafuta ya mbegu za kitani ili maji yasipenye, na ni mafuta hayo yaliyoyapa manjano. Koti la manjano ni la mvua tangu hapo. Ujumbe ameusoma, naona alama. Bado hajajibu.