Kijana Asiyejua Aweke Wapi Mikono

Mswada wa kwanza wa sinema yetu ulikuwa na kijana wa chuo aliyejikwaa mara nne ndani ya kurasa kumi. Alimwaga chai, akaangusha vitabu, akagonga mlango wa kioo, akateleza ngazini, yote mbele ya msichana anayempenda. Tuliusoma kwa sauti barazani, Mji wa Kale, baada ya magharibi. Mara ya kwanza watu walicheka. Kufikia mara ya nne kila mmoja alikuwa kwenye simu yake. Mama mmoja aliyewahi kuigiza michezo ya redio kwa miaka mingi akauliza, "Huyu mtoto ataka nini hasa?" Tukatazamana.

Wadogo zangu mnaotaka kutengeneza sinema ya mapenzi ya kuchekesha hapa Mombasa, anzieni hapo, kabla hamjaazima kamera ya mtu.

Yetu tuliiandika upya yote. Kijana anasoma Tudor, kisiwani, anakaa Kisauni, upande wa kaskazini. Msichana anakaa ng'ambo ya kusini, Likoni. Siku ya kwanza wanapoongea, kijana anababaika na kusema kuwa naye pia ni wa Likoni. Basi kila jioni inabidi avuke naye kwa feri, amuage, asubiri apotee kwenye umati, kisha ageuke arudi kisiwani akatafute matatu ya Kisauni. Anaweza kufanya hivyo mwezi mzima kwa sababu abiria wa miguu hawalipi kwenye feri, na mwanafunzi hana pesa. Msichana anamuuliza, "Wakaa upande gani, Shelly au Mtongwe?" Naye anajibu, "Huko huko." Hapo baraza ilicheka kuliko ilivyocheka kwa ngazi na chai. Kila swali dogo kuhusu Likoni ni hatari kwake, na mtazamaji anajua kwa nini jasho linamtoka.

Halafu msimfanye mjinga. Mwenye haya si mpumbavu, na watu waliokuwa na haya chuoni ni wengi mno ukumbini, mkimdhalilisha wataona mmewadhalilisha wao. Mpeni kitu kimoja anachokijua barabara. Wetu anatengeneza feni na redio. Mikono inayotetemeka akimsalimia msichana inatulia kabisa ikishika bisibisi, na msichana anaiona mikono hiyo siku feni ya kwao inapoharibika.

Siku hiyo hiyo anakutana na mama mtu. Mama anasema, "Hujambo mwanangu," naye kwa kiherehere anajibu, "Marahaba." Sikieni, kitu kama hicho hakiwezi kutoka kwenye sinema ya ng'ambo. Kimo ndani ya adabu zetu. Tazameni salamu, tazameni nani huanza kukaa na nani husubiri, tazameni leso. Kijana anakwenda Biashara Street kumnunulia msichana doti ya leso, anachagua rangi vizuri sana, wala hasomi jina, yale maneno yaliyoandikwa. Zawadi inafunguliwa, imeandikwa "Hasidi hana sababu". Hakuna haja ya mtu kuanguka.

Mazungumzo yao msiyaandike kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Msichana wa hapa husema "wenda wapi" na "sijui mie". Aliyetoka bara atasema vingine, na tofauti hiyo yenyewe ina utamu. Mpeni mwigizaji nafasi ayapindue maneno yakae mdomoni mwake.

Kwenye kamera nina ushauri mmoja ninaoushikilia: wawekeni wote wawili ndani ya picha moja, muiache iendelee. Mkikata uso kwa uso, ile nafasi iliyo kati yao haionekani, na mapenzi yote yamo humo. Sisi tulimpitisha mtu wa mkokoteni katikati yao, wakaachana hatua mbili, kisha tukangoja kimya tuone kama watasogeleana tena. Mhariri alitaka kupunguza kimya hicho. Nilimkatalia, na ningemkatalia tena leo.

Sauti ndiyo itakayowatesa. Kunguru, tuktuk, jenereta ya duka la jirani. Jueni nyakati za adhana za mtaa mnaofanyia kazi na mpange mapumziko yenu hapo, ni heshima na ni kazi safi pia. Zimeni feni mkirekodi, mwekeni mtu wa kumfuta mwigizaji jasho. Kila mahali rekodini nusu dakika ya kimya cha pale, mtakihitaji kwenye uhariri. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hivyo pigeni picha 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za darasani zitamemeteka. Jioni msichelewe: jua likishazama, nusu saa haipiti giza limeingia.

Vibali ulizieni kabla ya kuandika, si baada. Sheria ya filamu ya Kenya, Sura ya 222, inadai leseni ya kupiga picha, na sinema ikikamilika lazima ipewe daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani. Fort Jesus iko chini ya Makavazi ya Taifa, nako ni maombi mbali. Sisi tuliandika maonyesho sita ya ndani ya feri bila kuuliza kwanza. Ombi letu lilichelewa, tukapata muda wa maonyesho mawili tu. Manne tuliyahamishia kwenye mteremko wa kushukia kivukoni, kati ya wauza machungwa na mabuyu, na mpaka leo nayasikitikia.

Onyesho la mwisho tulilifanya ndani ya feri na upepo wa kusi ukivuma, maikrofoni haikushika neno. Bahati nzuri hatukuwa tumeandika neno. Feri inafika Likoni, watu wanashuka, kijana anaaga kama kawaida na kugeuka kuingia foleni ya kurudi. Msichana anamwacha atangulie hatua chache, kisha anasimama nyuma yake kwenye foleni ile ile.