Kalsiamu hufanya nini ndani ya seli zinazotengeneza mayelini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nasoma fiziolojia, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba oligodendrosaiti, yaani seli zinazotengeneza mayelini (utando wa mafuta unaozingira nyuzi za neva) katika ubongo na uti wa mgongo, hazirushi mipigo ya umeme kama nyuroni (seli za neva), ila kalsiamu ndani yake hupanda na kushuka. Ya nini? Na mama yangu mdogo ana multipo sklerosisi, ugonjwa unaoharibu mayelini: akinywa vidonge vya kalsiamu, mayelini itarudi?

JIBU: Marahaba. Nianze na mama mdogo. Hapana, vidonge havitarudisha mayelini. Nje ya seli kalsiamu ni takriban mara 10,000 ya ile iliyo ndani, na mwili hauachi kiwango cha damuni kiyumbe ovyo. Seli haina njaa ya kalsiamu. Cha kuangalia ni mlango upi wa kupitisha kalsiamu umefunguka, wapi, na kwa muda gani. (Ikiwa daktari wake alimwandikia kwa ajili ya mifupa, hilo ni jingine, aendelee.)

Sasa lako. Oligodendrosaiti moja huvisha aksoni nyingi (nyuzi ndefu za nyuroni), kila moja kwa ala yake, yaani kipande cha mayelini kinachoizingira, na kalsiamu inaweza kupanda kwenye ala moja huku ala jirani zimetulia. Mwaka 2018 timu mbili za Uingereza, ya David Lyons kule Edinburgh na ya David Attwell kule London, zilitazama jambo hili kwa darubini katika makinda ya samaki pundamilia, ambayo mwili wake unapitisha mwanga. Seli zilikuwa na protini inayong'aa kalsiamu ikipanda. Ala iliyopandisha kalsiamu nyingi kwa muda mrefu mara nyingi ilinywea baadaye. Iliyopata mipando mifupi ya mara kwa mara ilirefuka upesi zaidi. Kunywea huko hupitia kalpaini, kimeng'enya kinachoamshwa na kalsiamu na kukatakata protini za kiunzi cha seli. Kwa hiyo ukiulizwa kama kalsiamu hujenga au hubomoa mayelini, jua swali limekaa vibaya.

Nyuroni nazo zimo. Ukizinyamazisha kwa tetrodotoksini, sumu inayoziba milango ya sodiamu ambayo nyuroni huitumia kurusha mipigo, mipando hupungua, lakini haiishi yote.

Ila usimpelekee mama mdogo habari hizi kama tiba. Hayo ni ya kinda la samaki linalovisha neva zake kwa mara ya kwanza; kwake yeye kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia mayelini iliyokwisha kujengwa, na dawa anazotumia wagonjwa wengi hulenga kinga hiyo. Kama naye yumo kwenye dawa hizo, asiziache.