Fremu za chuma zenye kina kinachobadilika: kwa anayeanza usanifu

Kabla hujafungua programu, chora kwa mkono mchoro wa momenti (nguvu ya kupinda) wa fremu yako. Kitako chenye pini, kinachoiacha nguzo izunguke, hakibebi momenti, ndiyo maana nguzo huanza nyembamba chini. Kwa uzito wa paa, momenti hupanda hadi kwenye kona, nguzo inapokutana na boriti, na hapo ndipo kina kikubwa (kimo cha umbo la I la chuma) kinapohitajika. Mchoro huo ukiwa mezani, data mbaya kwenye kompyuta utaigundua mapema.

Kwenye modeli usiweke kina cha wastani. Nguzo yenye milimita 300 chini na 900 juu, flanji (bati mbili za kingo za umbo la I) zikiwa zilezile, ukakamavu wake wa kupinda huongezeka zaidi ya mara 9. Kama programu haina elementi (kipande cha modeli) ya kina kinachobadilika, igawe nguzo vipande vifupi, uviongeze mpaka mhamo (kusogea) wa kona uache kubadilika. Na uso wa nje ukiwa wima huku wa ndani umelala mshazari, mstari wa kati wa nguzo nao huinama, uchore ulivyo.

Ninachokitilia mkazo kuliko vyote ni flanji ya ndani, inayotazama ndani ya jengo; kwenye boriti ni ile ya chini. Papi, vyuma vyembamba vinavyobeba mabati ya paa, hushika flanji ya juu ya boriti tu. Karibu na kona, chini ya uzito wa paa, flanji ya chini ndiyo inayogandamizwa, na peke yake haina cha kuizuia isikimbilie pembeni. Tunaishika kwa vyuma vya pembe vinavyoshuka mshazari kutoka kwenye papi. Wengi wanaoanza huiambia programu kwamba flanji zote mbili zimeshikwa kwenye kila papi, kisha vyuma hivyo havionekani kwenye michoro ya karakana. Hesabu hiyo ni ya fremu nyingine kabisa! Mimi huzipitia nukta hizo za kushikia moja moja, kalamu mkononi, nikitafuta chuma cha kila moja. Upepo ukinyanyua paa, mgandamizo huhamia flanji ya chini katikati ya boriti, kwa hiyo upitie upya na mzigo huo.

Bati la kati, linalounganisha flanji mbili, huwa jembamba. Lipime kwa kukunjamana, na uweke vikazo (vibati vya kulikaza) pale flanji ya ndani inapovunja mwelekeo.

Kwa wanaotumia Eurocode 3 (kanuni za Ulaya za usanifu wa chuma), fomula za kawaida za uthabiti ziliandikwa kwa nguzo na boriti za kina kimoja. Katika EN 1993-1-1 ya 2005, anzieni kifungu cha 6.3.4.