Kufuma zawadi za nyumbani: maswali yenu

Nimejifunza juzi tu kuanzisha vitanzi na kufuma mshono wa kawaida. Rafiki yangu anahamia nyumba mpya mwezi ujao. Nimfumie nini?

Vitambaa vya kuoshea vyombo. Najua kuna watakaokunja uso, lakini skafu ya zawadi huishia kabatini, na kitambaa cha vyombo utakikuta kwenye karo kila ukienda kumtembelea.

Tafuta uzi wa pamba wa unene wa kati na sindano za milimita 4 au 4.5. Anza na vitanzi 4 tu, fuma mstari mmoja. Halafu kila mstari fuma vitanzi 2, zungushia uzi mara moja juu ya sindano, kisha fuma hadi mwisho. Kitaongezeka kitanzi kimoja kila mstari, na kazi itapanuka kama pembetatu yenye vitundu vidogo pembeni. Vikifika 44 hivi, anza kupunguza: fuma 1, fuma 2 pamoja, zungushia uzi, fuma 2 pamoja, malizia mstari. Vikibaki 4, funga.

Ninachokipendea kitambaa hiki ni kwamba hata ukiwa na uzi kidogo huharibikiwi. Uzi ukibaki nusu na ziada kidogo, anza kupunguza hapo hapo, hata kama hujafika 44. Mimi huweka donge kwenye mzani wa jikoni: la gramu 50 likibaki 27, nageuza.

Nina akriliki nyingi imebaki. Inafaa kwa vishikio vya sufuria?

Hapana. Akriliki ni plastiki. Ikikutana na sufuria ya moto inalainika na inaweza kuyeyuka. Niliwahi kufuma kimoja, rangi nzuri ajabu, kikaganda kwenye mfuniko siku ya kwanza. Tumia pamba au sufu, tena fuma vipande viwili uvishone pamoja, kwa sababu tabaka moja lina matundu na vidole vitaungua. Vikiloa, visishike kitu cha moto hadi vikauke.

Ukipata sufu isiyotiwa dawa ya kuzuia kusinyaa, fuma kipande kikubwa kuliko unachotaka, kisha kifue kwa maji ya moto na kukisugua sana. Nyuzi zitashikana, kitapungua na kuwa kizito. Balaa inayoharibu masweta, hapa ndiyo unayoitaka.

Akriliki yako ifumie foronya ya mto wa kochi.

Kitambaa changu kinajikunja kama mkeka. Nakosea wapi?

Hukosei. Bila shaka unafuma mstari mmoja kawaida na unaofuata kinyume, na mfumo huo hujikunja daima. Pasi itakinyoosha siku moja tu. Fuma mistari yote kawaida, au uweke pindo la mshono wa kawaida: vitanzi 4 kila upande, mistari 6 chini na 6 juu.

Ncha za uzi nazifunga fundo, lakini zinafumuka zikifuliwa.

Pamba inateleza, fundo halidumu. Acha ncha ya sentimita 15, itie kwenye sindano butu, ipenyeze upande wa nyuma kuelekea kulia, kisha irudishe kushoto kwa njia nyingine. Vuta kitambaa kidogo kwanza, ndipo ukate.